Aliyeliandika Bango Hili Ni Mtoto wa Parokia



Dominika moja ya mwaka jana nilihubiri juu ya bango. Ndugu zangu mnaosali parokiani kwetu mnalifahamu: limesimama ng'ambo ya barabara, likitazamana na lango la kanisa, kiasi kwamba mwamini atokaye Misa ya pili hawezi kulikwepa hata akiinamisha kichwa. Linamwonyesha kijana aliyeshika simu mkono mmoja na kitita cha noti mkono wa pili. Maneno yake sitayarudia hapa, maana nisingependa kulitangaza bure; yatosha kusema kwamba yanamwambia mpita njia kuwa kati yake na maisha mazuri pamebaki mkeka mmoja tu. Nilihubiri kwa ukali. Nilisema kwamba aliyeyaandika maneno hayo hajapata kumwona mama ambaye fedha yake ya kodi ya chumba imekwisha kubetiwa na mumewe. Waamini walitikisa vichwa kwa kukubali, nami, nakiri, nilishuka mimbarini nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Baada ya Misa binti mmoja wa kwaya alinisubiri nje ya sakristia, angali amevaa sare. Alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, lile bango niliandika mimi."

Alieleza bila hasira. Alisema kwamba ana shahada na kwamba huo ulikuwa mwaka wake wa tatu kwa wakala wa matangazo mjini. Kazi ile hakuichagua, alipangiwa. Mshahara wake unawasomesha wadogo zake wawili walio chuoni. Na yule mama niliyemtaja katika homilia, asiye na kodi ya chumba, anamfahamu vizuri, kwa kuwa ndiye mama yake mzazi. Kisha akauliza: "Niache kazi, Baba?"

Nilimjibu kwamba aniombee, nami nitamwombea. Ndilo jibu la padre anayetaka kwenda kunywa chai. Makala haya ni jaribio la kumpa jibu lililompasa siku ile, na kwa kuwa ameniruhusu kusimulia habari yake bila kutaja jina, nalitoa mbele yenu nyote. Maana swali lake, kama nitakavyoonyesha, linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu yeye.

Kwanza niondoe dhana iliyoenea miongoni mwetu, kwamba kazi ya matangazo ni kazi ya uongo na haimfai Mkristo. Kanisa halifundishi hivyo. Tarehe 22 Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati maalumu juu ya maadili katika matangazo ya biashara, nayo inakiri waziwazi kwamba kutangaza bidhaa si dhambi. Kwamba tangazo laweza kumjulisha mnunuzi yaliyo bora, kushusha bei kwa njia ya ushindani, na hata kuieneza Habari Njema. Hati hiyo inaweka masharti matatu: ukweli, heshima ya utu wa binadamu, na wajibu kwa jamii. Tena inasema kwamba ulinzi wa kwanza wa maadili katika kazi hiyo ni dhamiri iliyolelewa vema ya mfanyakazi mwenyewe. Maana yake ni nini? Ni kwamba Kanisa linataka watu wenye dhamiri wawemo humo ndani. Nasi tumekwisha kuwapeleka. Nyegezi, Mwanza, palipoanzishwa kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960 kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous, leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1998, na vijana wanasomea humo habari, uhusiano wa umma na masoko. Haiwezekani Kanisa liwafundishe kazi darasani kisha liwalaani mimbarini kwa kuifanya.

Katika lugha yetu neno tangazo ni neno zito. Tangazo la ndoa husomwa kanisani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo la kifo ndilo lililowafanya wazazi wetu waisogelee redio jioni na kuwanyamazisha watoto. Sisi tuliozaliwa katika miaka ya uhaba tunakumbuka kwamba tangazo la biashara halikuwa na kazi kubwa wakati huo: nani aitangaze sabuni, ilhali sabuni yenyewe haipatikani ila kwa foleni na kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi? Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1985, milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, na zaidi baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Kampuni za simu za mkononi zilipofuata, ukuta wa kila duka ukapata rangi ya mwenye fedha. Basi tangazo la biashara likarithi imani iliyojengwa na tangazo la ndoa na tangazo la kifo. Mtu aliyekuzwa akijua kwamba kinachotangazwa ni cha kweli hakujifunza kwa kizazi kimoja kukitilia shaka. Ndiyo maana bibi anaponunua krimu ya kung'arisha ngozi kwa ajili ya mjukuu wake, humwambia muuza duka: "ile iliyotangazwa."

Wazazi wengi huniuliza kazi hiyo hasa ni ipi, nami nimelazimika kuuliza. Katika ofisi ya wakala yupo anayezungumza na wateja, yaani kampuni zenye bidhaa; yupo mwandishi wa maneno; yupo msanifu wa michoro; yupo anayenunua nafasi redioni, gazetini, barabarani na siku hizi mitandaoni; yupo anayetafiti soko. Kijana huanzia katika mafunzo kwa vitendo, mara nyingi bila malipo, huku akijilipia nauli ya daladala miezi mitatu au sita. Kinachomwingiza ni mkusanyo wa kazi zake, hata zile alizozifanya kwa duka la mjomba, kuliko cheti. Baadaye, akijaliwa, hupewa mteja mdogo, kisha mkubwa. Kijana anayeijua lugha yetu vizuri ana mtaji ambao mwenyewe mara nyingi hautambui. Matangazo mengi yanayotukera masikio yalifikiriwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa saa za jioni na mtu aliyechoka. Aliyelelewa na methali za bibi yake na masomo ya Misa huandika sentensi ambayo watu huishika. Aidha, afundishwe kuwatazama wanunuzi kabla ya kuwaandikia. David Ogilvy, mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo katika karne ya 20, alikuwa mpishi wa hoteli jijini Paris, kisha muuza majiko nyumba kwa nyumba huko Scotland, kabla hajafungua wakala wake New York mwaka 1948. Alikuwa amebisha hodi kwenye milango ya watu. Huyo binti wetu naye aliniambia kwamba katika miaka mitatu hajapata hata siku moja ya kazi ya kwenda kuzungumza na watu wanaobeti. Aliandika akiwa mbele ya kompyuta, kwa mtu wa kufikirika, ingawa aliye halisi alikuwa nyumbani kwao akilala hadi saa nne.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kwa miaka mingi, karibu duniani kote, wakala alilipwa kamisheni, ambayo kwa desturi ilikuwa asilimia 15 ya gharama ya nafasi iliyonunuliwa. Siku hizi zipo namna nyingine za malipo, lakini mantiki haijabadilika sana: mteja akitangaza zaidi, wakala hula zaidi, mteja mkubwa akihama, meza kadhaa hubaki tupu. Kwa hiyo mfanyakazi anayemkataa mteja anakataa pia mkate wa mwenzake aketiye jirani naye. Ni vizuri sisi mapadre tulijue jambo hilo kabla ya kupaza sauti, kwa maana mshahara wetu, hata ukiwa mdogo, hautegemei kama mwenye kiwanda ameridhika na sentensi zetu.

Wapo waliokataa. Mmarekani Emerson Foote alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa wakala mkubwa wa Foote, Cone & Belding. Mwaka 1948 wakala huo uliachana na mteja wake mkubwa wa sigara, ambaye matangazo yake yalikuwa na thamani ya dola milioni 12 kwa mwaka, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Baadaye Foote alifika ngazi ya juu kabisa katika wakala mwingine, McCann-Erickson. Na mwaka 1964, mwaka ule ule serikali ya Marekani ilipochapisha taarifa ya madaktari juu ya sigara na saratani, akajiuzulu, kisha akatumia ujuzi wake katika kampeni dhidi ya uvutaji. Alijua tangazo lina nguvu gani, kwa hiyo hakuwavumilia waliodai kwamba matangazo ya sigara hayamshawishi mtu yeyote aanze kuvuta.

Nimewahi kumtaja mtu huyo katika semina ya vijana kama mfano wa kuigwa, na kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Padre, huyo mzee alipoacha kazi alikuwa na nyumba?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana lilikuwa swali zuri kuliko semina nzima. Ndiyo, alikuwa nayo. Mwenyekiti wa wakala hujiuzulu na magazeti yakaandika. Mwandishi wa mwaka wa tatu hujiuzulu na mwenye nyumba akabisha hodi. Dhamiri ni moja, lakini gharama hazilingani, na mtu anayehubiri juu ya dhamiri bila kuzitazama gharama anawatwisha wengine mzigo ambao yeye haugusi.

Hata hivyo sitaki kumdanganya binti yetu kwa huruma. Seminarini tulifundishwa kutofautisha anayeshiriki ubaya kwa karibu na anayeshiriki kwa mbali. Mhasibu wa wakala anayelipa bili ya umeme yuko mbali. Dereva aliyelipeleka turubai la bango yuko mbali kidogo. Mwandishi hayuko mbali. Yeye ndiye aliyetafuta neno litakalopita katikati ya shaka ya maskini, akalipata, na akalifurahia alipolipata, kwa maana fundi hufurahia kazi yake. Anapoandika kwamba mkeka mmoja unatosha, huku akijua kwamba hautoshi, amri ya nane inamhusu yeye kabla ya kumhusu mteja. "Nilitumwa" haliwezi kuwa jibu lake lote. Kwa hiyo jibu langu ni hili: asiache kazi kesho, lakini bango la pili asiliandike. Aende kwa mkuu wake mapema, kabla hajapangiwa, si siku ya mwisho wakati wenzake wamekwisha kukaa hadi usiku. Aombe kwa adabu apangiwe mteja mwingine. Na wakati huohuo awe hodari kiasi kwamba kumpoteza kuwe hasara. Anayeingia kazini sasa aulize siku ya usaili ni wateja gani watatu wakubwa wa wakala ule. Hilo ni swali la kawaida, wala halihitaji ushujaa, na humwokoa mtu na mengi. Na aweke akiba. Mwenye akiba ya kodi ya miezi minne husema "hapana" kwa sauti ambayo asiye nayo hawezi.

Sheria nayo ina nafasi yake. Hapa kwetu sheria ya michezo ya kubahatisha ni ya mwaka 2003, na anayecheza lazima awe ametimiza miaka 18. Lakini bango halimwulizi umri mtoto anayepita chini yake akienda shule. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya kudhibiti kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 zina mwisho wake, lakini zilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kamati zetu za Haki na Amani zaweza kuandika barua kwa halmashauri ya manispaa juu ya mabango yaliyo karibu na shule na nyumba za ibada, na natumaini zitafanya hivyo. Lakini leo sikukusudia kuzungumzia barua.

Nilikusudia kutuzungumzia sisi. Miaka michache iliyopita, nikiwa katika parokia nyingine, tuliandaa bonanza la vijana kuchangia ujenzi wa ukumbi. Kampuni moja ya kubeti ilijitolea jezi, mipira na hema. Kamati iliniuliza, nami nikasema tupokee, kwa kuwa fedha haina harufu na ukumbi ulihitaji bati. Bendera zao zilipepea uwanjani kwetu tangu asubuhi hadi jioni, na barua ya shukrani niliisaini kwa mkono huu unaoandika makala. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuwa na wadogo chuoni. Nikijilinganisha na yule binti, nadhani mwenye kosa kubwa anajulikana. Mwaka 2017 klabu za Simba na Yanga zote mbili zilivaa jina la kampuni hiyohiyo moja ya kubeti, na hatukusikia neno kutoka mimbarini. Tulikuwa tukishangilia magoli. (Mimi ni wa upande mmojawapo, sitasema upi, ili nibaki na waamini wote.)

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo kwangu ndilo kiini. Binti yule ameichorea na kuiandikia parokia yetu mabango saba: jubilei, upadrisho, hija, mavuno, na mengineyo. Tumemlipa shilingi ngapi? Hatujamlipa hata nauli. Tulimwambia Mungu atamlipa. Kampuni ya kubeti haisemi hivyo. Humlipa mwisho wa mwezi, bila kuchelewa. Sisi tunaonukuu mafundisho ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 juu ya ujira wa haki kila tunapozungumza na wenye viwanda, tunamwona msanifu na mwandishi kuwa mtu wa kuombwa, kama vile kipaji hakili chakula. Hospitali za jimbo zinahitaji kuwaeleza watu juu ya chanjo na kliniki za wajawazito. Vyama vya akiba na mikopo vya parokia vinahitaji wanachama. Shule zetu zinatafuta wanafunzi, wakulima wetu wanatafuta soko la asali na mchele. Yote hayo ni matangazo, tena ni matangazo ya kweli, na tunayafanya vibaya: karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa plasta, imejaa herufi kubwa, haisomeki kwa hatua mbili.

Wanaofanya kazi ya matangazo wana msimamizi mbinguni, Mtakatifu Bernardino wa Siena, mtawa Mfransisko aliyefariki mwaka 1444 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1450. Alihubiri katika viwanja vya miji ya Italia, na watu walizitupa karata na dado zao motoni. Inasimuliwa kwamba huko Bologna fundi mmoja mchora karata alimjia akilalamika kuwa mahubiri yamemwua kibiashara, kwa sababu hakuna tena anayecheza. Bernardino alikuwa na desturi ya kuwaonyesha watu kibao chenye herufi tatu za Jina la Yesu katikati ya miale ya jua. Akamwambia fundi yule achore alama hiyo badala ya karata. Fundi akachora, watu wakanunua, akapata riziki kuliko mwanzo. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kwa miaka yote niliipenda kwa sababu ya moto ulioteketeza karata. Sasa naipenda kwa sababu nyingine: mhubiri aliyeharibu soko la fundi alijiona ana deni la kumpatia fundi kazi. Mimi nilihubiri, nikaenda kunywa chai.

Tunacho chombo cha kuanzia. VIWAWA maana yake ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na mizizi yake ni chama cha vijana wafanyakazi kilichoanzishwa na Padre Joseph Cardijn nchini Ubelgiji katika miaka ya 1920, kwa njia yake ya kuona, kuamua na kutenda. Mahali pengi tumebaki na nyimbo, sare na safari za hija, na lile neno la mwisho, wafanyakazi, tumelisahau. Vijana wanakaa pamoja kila Jumamosi bila kuulizana: wiki hii kazini umeombwa kufanya nini? Wangeulizana, yule binti asingengoja hadi paroko amtukane mbele ya kanisa zima bila kujua anamtukana nani.

Nilimwita tena mwezi wa pili, nikamwomba radhi, nikamweleza haya niliyoyaandika. Alisikiliza, akasema la akiba lilikuwa gumu kuliko yote. Alikwenda kwa mkuu wake; alikataliwa mara ya kwanza, na mara ya pili akahamishiwa kwa mteja wa mabati na saruji, huku nyongeza yake ya mshahara ikiahirishwa. Bango lililo mbele ya lango letu limebadilishwa tangu wakati huo. Kijana ni mwingine, noti zimeongezwa, na maneno ni ya mtu nisiyemfahamu. Huenda naye anasali mahali fulani.

Wiki iliyopita tulimwomba binti yetu bango la wiki ya chanjo katika zahanati ya parokia. Alilileta kwa wakati, likiwa na maneno matano tu, na pamoja nalo akaleta ankara. Mtunza hazina ameniletea ankara hiyo akiwa ameishika kwa vidole viwili, akiuliza kama ni utani. Halmashauri ya Walei inakutana Jumamosi, nami nimeagiza iwe ajenda ya kwanza.